Kuvu Inayolinda Miche

Mwenye kitalu cha nyanya au kabichi huenda akaamka asubuhi akaona miche iliyosimama jana imelala chini, mashina yake yameoza pale yanapogusana na udongo. Huo ndio ugonjwa wa kinyausi, nao huletwa na viini vya udongoni, kimojawapo kikiwa ni kuvu iitwayo Raizoktonia.

Mwaka 1932, huko Marekani, mtaalamu Weindling alieleza jinsi kuvu nyingine, Trikoderma, inavyojizongomeza juu ya nyuzi za Raizoktonia na kuzila. Siku hizi Trikoderma huuzwa madukani ikiwa unga. Hutiwa udongoni kabla ya kusia mbegu, maana kazi yake ni kukinga, si kuponya. Mche uliokwisha kuanguka hauinuki tena.

Unga huo una uhai ndani yake. Yafaa uwekwe mahali pa baridi pasipo jua, wala usichanganywe na dawa ya kuua kuvu, ambayo haimjui rafiki wala adui. Anayeuacha juani asimlaumu mwenye duka. Mboji iliyoiva huipa Trikoderma chakula. Lakini kitalu kinachotota maji, chenye miche iliyosongamana, kitaugua hata kikitiwa unga huo.