SOMO LA BIASHARA: IMETUMWA SI IMETHIBITISHWA

Wanafunzi wetu wapenzi, baadhi yenu mmekuwa mkituuliza kuhusu sarafu za kidijitali. Katika hukumu ya kuzitumia wanavyuoni wamehitilafiana, na hilo si somo letu leo. Leo tunataka tufahamu kwa nini malipo ya Bitcoin huchelewa, na ada yake ni ya nini.

Bitcoin ilianza Januari 2009. Haina benki. Malipo yake huandikwa katika daftari moja, lenye nakala katika kompyuta nyingi duniani. Kwa wastani, kila dakika 10 daftari hilo huongezwa ukurasa mmoja, uitwao bloku. Ukurasa una mpaka. Hubeba miamala elfu chache tu. Inayobaki hungoja.

Je, nani hutangulia? Waandikao kurasa hizo huitwa wachimbaji, na ada ni ujira wao. Kwa hiyo humtanguliza aliyetoa ada kubwa zaidi kwa nafasi anayoichukua. Ada haipimwi kwa wingi wa fedha. Ni kama buti la basi: mkoba wa dhahabu hulipiwa kidogo kuliko gunia la pamba. Hivyo mwenye kutuma dola 20 huweza kulipa ada sawa na mwenye kutuma dola 20,000. Desemba 2017, foleni ilipokuwa ndefu, wastani wa ada kwa siku ulifika zaidi ya dola 50. Tarehe 20 Aprili 2024 ulipita dola 100. Siku kama hizo, mwenye kutuma kidogo huweza kulipa ada inayozidi hata fedha anazotuma.

Tuzingatie mambo matatu:

1. Muamala ukiingia katika bloku umepata uthibitisho mmoja, na kila bloku inayofuata huongeza mwingine. Kwa mali ya thamani, desturi ni kusubiri 6, yaani kama saa moja. Kabla ya uthibitisho, mtumaji mjanja anaweza kuzielekeza fedha zile zile kwake mwenyewe. Basi muuzaji asitoe bidhaa kwa kuonyeshwa simu tu.

2. Muamala ukikwama, tusikimbilie kutuma mara ya pili, tusije tukalipa mara mbili. Pochi nyingi za kidijitali humruhusu mtumaji kuongeza ada ya muamala ule ule.

3. Ada hukatwa kwenye pochi ya mtumaji wakati wa kutuma. Akitokea mtu akasema fedha zako zimezuiliwa, umpe ada azifungue, huyo ni tapeli. Wengi wamelizwa kwa njia hii.

Tumesoma kwamba katika biashara kuna kukabidhiana. Mwenye haraka hukabidhi mali yake kabla hajapokea haki yake.

Maswali ya kujipima
(a) Kwa nini ada hupanda foleni inapokuwa ndefu?
(b) Muuzaji ameonyeshwa neno "imetumwa". Afanye nini?