Mlango Unaojifunga Wenyewe: Somo la Wenzo, Mota na Vidole



Katika somo la leo tumechagua kifaa ambacho wengi wetu hatutakimiliki: mlango wa nyuma wa gari la spoti, unaofunguka na kujifunga kwa mota. Mtu atauliza, jambo hili linamhusu nini mkata mkonge au mwendesha mashine ya nyuzi? Linamhusu kwa sababu mota ile hufanya kazi karibu na mkono wa mtu, sawa na mashine zetu. Tukiielewa ile, tutajua namna ya kuzitazama hizi zetu.

Tuchukue mfano wa magari ya Jaguar ya Uingereza. Mwaka 1961 ilitoka E-Type. Ile yenye paa la chuma ilikuwa na mlango wa nyuma wenye bawaba ubavuni, uliofunguliwa kwa mkono. Mwaka 2014 iliingia sokoni F-Type yenye paa la namna hiyo, iliyotengenezwa Castle Bromwich, mjini Birmingham, na utengenezaji wake ukaisha mwaka 2024. Mlango wake huinuka juu, na mnunuzi aliweza kuongeza malipo apate wenye mota. Gari likitoka kiwandani bila mota, baadaye mwenyewe huenda akamwomba fundi aiongeze. Hapo ndipo somo linapoanza.

A. Mzigo na wenzo

Tuseme mlango una uzito wa kilo 15, na kitovu cha uzito huo kiko sentimita 40 kutoka kwenye bawaba. Nguzo za kuusukuma, zile ambazo mafundi huziita shokapu za buti, hazina nafasi ya kukaa mbali. Tuseme msukumo wake unapita sentimita 10 tu kutoka kwenye bawaba. Hesabu ni ile ya mtaimbo: 15 mara 40 ni 600, 600 gawanya kwa 10 ni 60. Basi, ili kushikilia mlango wa kilo 15, nguzo mbili lazima zisukume kwa nguvu ya kilo 60, kila moja 30.

B. Mota inavyofanya kazi

Nguzo ya kawaida ina gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa. Nguzo ya umeme ina mota ndogo, gia, skrubu ndefu na springi. Mota huzungusha skrubu, nayo skrubu hurefusha au hufupisha nguzo. Sehemu kubwa ya uzito hubebwa na springi. Mota huongeza kile kinachopungua. Ndiyo maana mota ndogo yaweza kuinua mlango mzito.

Kompyuta ndogo huhesabu mizunguko ya mota. Mizunguko ikipungua kasi kabla mlango haujafika mwisho, kompyuta hutambua kwamba kuna kizuizi. Husimamisha mota na kurudisha mlango nyuma. Huu ndio moyo wa kifaa chote. Kuusukuma mlango ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuufundisha kuacha.

Kwa madirisha ya gari yanayojifunga yenyewe kwa umeme, Kanuni Namba 21 ya Umoja wa Mataifa imeweka kipimo: dirisha lirudi kabla nguvu ya kubana haijapita nyutoni 100, yaani kama uzito wa kilo 10. Kanuni hiyo ni ya madirisha, lakini kipimo chake kinatusaidia kufikiri. Mlango unaobana kwa kilo 10 kwenye ukingo wake, sentimita 80 kutoka kwenye bawaba, hubana kwa kilo ngapi sentimita 20 kutoka kwenye bawaba? 10 mara 80 ni 800. Gawanya kwa 20, ni kilo 40. Kidole kilicho karibu na bawaba kimo katika hatari mara nne.

C. Fundi ajilinde

1. Kabla ya kutoa nguzo ya zamani, mlango ushikiliwe kwa mti imara, na kazi ifanywe na watu wawili.
2. Waya wa betri wa upande wa hasi ufunguliwe kwanza.
3. Nguzo ya gesi isitobolewe, isikatwe wala kutiwa moto. Gesi yake imeshindiliwa kupita kiasi cha upepo wa gurudumu mara nyingi.
4. Fyuzi iwekwe karibu na betri, na isizidi uwezo wa waya. Fyuzi kubwa kwenye waya mwembamba ni moto unaosubiri.
5. Nguzo zilingane na uzito wa mlango. Mwenye gari akiongeza bawa la nyuma, uzito umebadilika, na hesabu ianze upya.
6. Mlango usikubali kufunguka gari likiwa mwendoni, na betri ikifa uweze kufunguliwa kwa mkono.
7. Mwisho, jaribu kizuizi kwa boksi tupu la karatasi, kamwe si kwa mkono. Jaribu ukingoni, katikati, na karibu na bawaba. Fundi anayejaribu ukingoni peke yake amejaribu mahali palipo salama kuliko pote.

Ndugu, gari la spoti limewekewa kifaa cha kutambua kidole cha mwenyewe anapoweka mizigo yake. Kama jambo hilo linawezekana kwa mlango wa anasa, basi mashine inayomeza mkonge au karatasi mchana kutwa haina udhuru wa kukosa kinga na swichi ya kusimamisha.

Maswali ya kujadili kazini

1. Katika mashine unayoiendesha, ni sehemu gani iliyo kama bawaba, ambapo nguvu ni kubwa kuliko inavyoonekana?
2. Mkono ukinaswa, nani anaweza kuisimamisha mashine, na swichi iko hatua ngapi kutoka hapo?
3. Kinga yake ilijaribiwa lini, mahali gani, na kwa kitu gani?

Jibu la swali la pili lipimwe kwa miguu, si kwa kukisia.