Somo la 14: Tabo Imekufa Tena

Labda kijiji chenu kina lori. Labda ni la kikundi cha wakulima. Labda ni la mtu mmoja anayebeba mazao yenu kwenda sokoni. Lori likilala, mahindi nayo hulala. Kwa hiyo somo hili linakuhusu hata kama hujui kuendesha gari.

Tuchukue mfano. Kikundi cha wakulima kilichanga fedha. Kikanunua lori la dizeli lililokwisha tumika. Lori lilifanya kazi kila siku. Asubuhi lilibeba mchanga, mchana lilibeba magunia. Siku moja, likipanda mlima, lilipiga mluzi mkali. Likatoa moshi wa bluu, kisha likakosa nguvu. Fundi wa mjini akasema, "Tabo imekufa."

Kikundi kikanunua tabo nyingine. Baada ya miezi minne nayo ikafa. Wakanunua ya tatu. Hiyo haikumaliza hata mwezi mmoja.

Kamati ikakutana. Wengine walisema dereva analihujumu lori. Wengine walisema lori lina mkosi. Dereva alikaribia kufukuzwa kazi. Lakini hakuna aliyeuliza swali hili: Ni kitu gani kinachoziua tabo hizi?

1. TABO NI NINI?

Umemwona mhunzi akifanya kazi. Anapovukuta, hewa huingia kwenye makaa. Moto huwaka kwa nguvu. Tabo ni mvukuto wa injini. Hewa ikiingia kwa wingi, dizeli nyingi zaidi huweza kuungua vizuri, na injini hupata nguvu ya kupanda mlima na mzigo.

Tabo ina feni mbili ndogo. Zimefungwa kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini huizungusha feni ya kwanza. Feni ya pili nayo huzunguka. Hiyo huvuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya ubunifu wa namna hii mwaka 1905. Siku hizi malori mengi ya dizeli yana tabo.

Shafti hiyo huzunguka kwa kasi kubwa sana. Katika tabo nyingi huweza kupita mara 100,000 kwa dakika moja. Injini ikibeba mzigo mzito, joto la moshi huweza kufika nyuzi 600 za Sentigredi au zaidi. Kumbuka kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 tu.

Je, shafti hii huvumiliaje? Huelea juu ya oili. Oili hiyo ni ileile ya injini. Huja kwa bomba jembamba na kurudi kwa bomba nene. Basi uhai wa tabo umo katika oili.

2. MAMBO MANNE YANAYOIUA TABO

Kwanza, kukosa oili. Oili ya injini ikipungua, au bomba jembamba likiziba, shafti husugua chuma. Sekunde chache tu zinatosha kuiharibu.

Pili, oili chafu. Oili iliyokaa muda mrefu huwa na masizi na chembe za chuma. Chembe hizo huikwaruza shafti kama mchanga unavyokwaruza sufuria.

Tatu, vumbi na vipande. Chujio la hewa likipasuka, au mpira wa hewa ukitoboka, vumbi la barabarani huingia. Vumbi hulila feni polepole. Nati moja ndogo ikiingia, huivunja mara moja.

Nne, kuzima injini ingali ya moto sana. Lori likitoka mlimani na mzigo, tabo ina joto kali. Ukizima papo hapo, oili haitembei tena. Ile iliyobaki ndani huungua. Hugeuka kuwa kaa gumu, na kaa hilo huziba njia ya oili.

3. FUNDI MZEE ANAULIZA

Kamati ilimwita fundi mzee. Hakushika spana kwanza. Aliuliza maswali.

"Mwenyekiti, mlipofunga tabo mpya, mlibadilisha bomba la oili?"

"Hapana, fundi. Tuliambiwa la zamani bado zima."

"Oili ilibadilishwa lini?"

Mwenyekiti alimtazama katibu. Katibu alimtazama dereva.

"Niliomba fedha ya oili mara mbili," dereva akasema. "Niliambiwa tusubiri mavuno."

"Uliandika mahali popote?"

"Sikuandika, mzee wangu."

"Na wewe, kijana, ukifika sokoni na mzigo, unafanyaje?"

"Nazima gari, nashuka. Wapakuzi wananisubiri."

Fundi alifungua bomba jembamba la oili. Alijaribu kupitisha waya. Waya haukupita. Ndani mlikuwa na kaa jeusi. Kisha alifungua kipoza hewa, yaani kile kinachofanana na rejeta ambacho hewa ya tabo hupitia. Akakiinamisha. Vikatoka vipande vya feni ya tabo ya kwanza. Vilibaki humo miezi yote hiyo.

"Vipande hivi vingeingia hata ndani ya injini," akasema. "Tabo zenu hazikuwa na kosa. Mlimleta mgeni mpya katika nyumba yenye ugonjwa uleule."

Ndugu msomaji, angalia vizuri. Kamati ilichelewesha fedha ya oili. Fundi wa kwanza aliacha bomba bovu. Dereva alizima injini ya moto. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Kumfukuza dereva peke yake kusingeiokoa tabo ya nne.

4. KABLA YA KUFUNGA TABO MPYA

Tabo ikifa, usikimbilie dukani. Mwombe fundi afanye haya, nawe usimame uone:

(a) Aichunguze tabo iliyokufa. Shafti iliyoungua huonyesha kukosa oili. Mikwaruzo huonyesha oili chafu. Feni iliyolika au kuvunjika huonyesha vumbi au kipande.
(b) Abadilishe bomba la kuleta oili. Asafishe bomba la kurudisha oili, na ahakikishe halikupinda wala kuziba.
(c) Abadilishe oili na chujio la oili.
(d) Asafishe mabomba yote ya hewa na kipoza hewa mpaka kusibaki kipande. Abadilishe chujio la hewa.
(e) Achungulie pumulio la injini. Likiziba, oili hushindwa kurudi vizuri, nayo huvuja kupitia tabo.
(f) Asipake gundi kwenye njia ya oili. Gundi hukatika na kuziba tundu. Atumie gasketi yake.
(g) Atie oili safi ndani ya tabo na kuizungusha kwa mkono kabla ya kuwasha. Kisha azungushe injini kwa stata bila kuiacha iwake, mpaka oili ifike.

Tahadhari: Usiingize mkono kwenye tabo injini ikiwa inawaka au ingali ya moto. Feni inaweza kukata vidole.

Jambo jingine: Si kila moshi wa bluu hutoka kwenye tabo. Injini iliyochakaa nayo hutoa moshi wa bluu. Pima kwanza, nunua baadaye.

5. KAZI YA DEREVA KILA SIKU

Asubuhi, pima oili kabla ya kuwasha. Ukishawasha, usikanyage mafuta kwa nguvu. Acha injini iungurume polepole kwa nusu dakika au zaidi, ili oili ifike kwenye tabo.

Ukifika na mzigo, usizime mara moja. Acha iungurume polepole dakika mbili au tatu, kisha zima. Wapakuzi wafungue kamba wakati huo.

Ukisikia mluzi mpya, au ukiona moshi mwingi mweusi au wa bluu, simama. Usiseme, "Nitafika tu." Tabo ikivunjika barabarani inaweza kuharibu injini nzima.

6. DAFTARI LA LORI

Kikundi kile kilinunua daftari la kurasa 96. Likawekwa ndani ya lori, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Huu ni mfano wa ukurasa mmoja:

Tarehe 3 Machi. Kilometa 84,200. Oili na chujio la oili vimebadilishwa.
Tarehe 19 Machi. Kilometa 85,650. Chujio la hewa limebadilishwa.
Tarehe 2 Aprili. Kilometa 86,900. Oili imeongezwa lita 1.

Dereva huandika na kutia sahihi. Kila mwisho wa mwezi katibu husoma mbele ya kamati. Dereva akiomba fedha ya oili, ombi huandikwa. Kamati ikikataa, jibu huandikwa pia. Sasa hakuna anayemtazama mwenzake akitafuta jibu. Jibu limo daftarini.

Wewe umejifunza kusoma na kuandika. Kama hakuna daftari katika lori lenu, au katika mashine yenu ya kusaga, waweza kulianzisha wewe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini tabo ya pili na ya tatu zilikufa?
2. Kama ungekuwa mjumbe wa kamati ile, ungemwambia nini dereva? Ungeiambia nini kamati?
3. Ni chombo gani kijijini kwenu huharibika mara kwa mara? Nani huuliza sababu?

HESABU

1. Kikundi hubadilisha oili kila kilometa 5,000. Tazama daftari. Oili itabadilishwa tena lori likifika kilometa ngapi?
2. Toka tarehe 3 Machi mpaka tarehe 2 Aprili lori lilitembea kilometa ngapi?
3. Tarehe 2 Aprili iliongezwa lita 1 ya oili. Oili ile ilikwenda wapi? Taja mahali pawili pa kuchunguza.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kipoza hewa: chombo kinachopunguza joto la hewa kabla haijaingia kwenye injini.
Masizi: uchafu mweusi wa moshi.
Pumulio: njia ya kutolea hewa na mvuke ndani ya injini.
Shafti: mhimili wa chuma unaozunguka.

ZOEZI LA KUANDIKA

Andika barua fupi kwa kamati ya lori. Omba fedha ya oili. Taja tarehe, kilometa, na sababu.