Dondoo muhimu: Mitaro ya septiki kwa trekta dogo

Njombe na Makambako, chimba kati ya Juni na Oktoba. Udongo mwekundu wa mfinyanzi ukiwa umelowa, kijiko cha trekta huusiriba kwenye kuta za mtaro, vitundu vyake vikaziba na maji yasinyonywe tena. Huo ndio uharibifu mkubwa kuliko wote. Viringisha udongo kiganjani: ukitoka kamba nyembamba, ahirisha. Hata ukiwa mkavu, kwaruza kuta na sakafu kwa reki kabla ya kumwaga kokoto.

Trekta lisipite juu ya mtaro uliochimbwa wala uliofukiwa. Magurudumu hushindilia udongo. Sakafu ipimwe kwa pima maji. Kisima, chako na cha jirani, kiwe upande wa juu wa mteremko, angalau mita 30 kutoka mtaroni.