PAULO ALIOMBA VITABU

Somo la wiki: Maktaba na huduma ya Neno
Andiko la kusoma: 2 Timotheo 4:6-21

Wiki hii tukae kwenye mstari ambao wengi wetu huupita mbio, yaani mstari wa 13. Paulo yuko kifungoni na anajua saa yake ya kuondoka imefika. Baridi nayo inakuja. Anamwagiza Timotheo, kijana wake katika imani, amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi.

Hebu fikiria ni nani anayeomba hivyo. Ni mtu aliyekutana na Bwana njiani kwenda Dameski, tena aliyenena kwa lugha kuliko Wakorintho wote (1 Kor. 14:18). Kujazwa Roho hakukumwondolea hamu ya kusoma.

Lakini sisi Wapentekoste tuna maneno yetu. Hata hapa Kabiria nayasikia: ati ukisoma sana upako unapoa, ati andiko huua. Ukisoma 2 Wakorintho 3 yote, utaona Paulo analinganisha agano lililochorwa kwenye mawe na agano jipya. Habari ya vitabu vya kujifunzia haimo. Nayo ahadi ya kufundishwa la kusema saa ile ile (Luka 12:11-12) walipewa watu watakaoburutwa mbele ya watawala. Mhubiri aliyekuwa na wiki nzima ya kujiandaa asijifiche hapo. Yohana 14:26 inasema Roho atatukumbusha, na mtu hukumbushwa jambo lililokwisha kumwingia.

Basi maktaba ya theolojia ina kazi gani?

1. Inatusaidia kuelewa tunachosoma. Fungua Mathayo 17:21 katika Biblia ya Union, ule mstari wa kusali na kufunga. Umewekwa ndani ya mabano. Kwa nini? Vitabu vya ufafanuzi vinaeleza kwamba nakala za kale sana za Mathayo hazina mstari huo. Kisha soma Marko 9:29, ambapo Biblia hiyo hiyo inataja kuomba peke yake. Je, kufunga kumefutwa? La. Mathayo 6:16-18 iko palepale, na kanisa la Antiokia lilifunga (Matendo 13:2-3). Ila tunajifunza kutojenga fundisho zima juu ya mstari mmoja.

2. Inalinda kundi. Hilo la kufunga si jambo dogo katika nchi yetu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na watoto wakiwemo. Manusura walisema waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Sisemi rafu ya vitabu peke yake ingewaokoa. Lakini mahali ambapo mtu mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kufasiri Neno, kundi halina ulinzi. Muumini anayejua Isaya 58, kwamba saumu aliyoichagua Bwana ni kumgawia mwenye njaa chakula, ana swali la kumuuliza mhubiri wa namna hiyo. Waberoya walimpima hata Paulo, na Biblia inawasifu (Matendo 17:11).

3. Inatuketisha na walimu wengine. Mwaka 2006 ilizinduliwa hapa Nairobi Africa Bible Commentary, ufafanuzi wa Biblia nzima katika juzuu moja, ulioandikwa na wasomi 70 wa Kiafrika chini ya uhariri wa Tokunboh Adeyemo wa Nigeria. Humo utakuta Neno likielezwa na watu wanaojua mambo ya mahari, matambiko na uchawi. Wala kusoma si mambo ya madhehebu mengine tu. Wapentekoste wa Kanada ndio walioanzisha Pan Africa Christian College mwaka 1978, ambayo leo ni chuo kikuu pale Roysambu.

Sasa tufanye nini? Hatuhitaji jengo. Kabati moja lenye kufuli linatosha kuanzia: tafsiri mbili tatu za Biblia, itifaki ya kutafutia maneno, kamusi ya Biblia na ufafanuzi mmoja mzuri, pamoja na daftari la kuazimia. Kabla ya kuongeza spika nyingine, tumuulize mwalimu wa Sunday school anaandaa somo kwa kitabu gani. Na anayehitaji zaidi, Karen si mbali na sisi. Africa International University, iliyoanza kama NEGST mwaka 1983, iko kwenye Barabara ya Dagoretti. Aende aulize utaratibu wa wasomaji wa nje.

Tahadhari moja: kitabu si Biblia. Hicho nacho kipimwe. Na Apolo, aliyekuwa hodari katika Maandiko, bado alihitaji Prisila na Akila wamketishe wamweleze njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:24-26). Tusome, halafu tuketi pamoja.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Ni fundisho gani unaloliamini ambalo hujawahi kulitafuta mwenyewe katika Maandiko?
2. Katika kanisa letu, muumini akiwa na swali juu ya mahubiri, anampelekea nani?
3. Nyumba yenu inaweza kutoa kitabu gani kwa ajili ya kabati?

Sala: Bwana, tupe moto wa Roho wako, na utupe bidii ya kulichunguza Neno lako. Linda watoto wetu na mafundisho ya kuua. Amina.