Pombe ya shambani na mtoto wa masomo



Somo letu la mwezi huu halisemi juu ya mbegu wala mbolea. Linasema juu ya mtoto mwenye kukaa masomoni mwaka mzima bila kushika herufi, mwenye kusahau leo yale aliyoyajua jana. Kijijini tunamwita mvivu, ao mjinga, ao tunasema amerogwa. Sababu za hali hiyo ni nyingi: njaa, malaria, masikio mabaya. Lakini kuko watoto ambao sababu yao ni pombe iliyowafikia wakiwa tumboni.

Mtauliza: agronomu anatafuta nini katika mambo haya? Jibu liko shambani. Mahali ambapo watoto hao walihesabiwa vizuri zaidi katika Afrika, shida ilianzia katika namna ya kulipa wafanyakazi wa shamba.

1. Pombe inafanya nini tumboni?

Mama akikunywa, alkoli inaingia katika damu yake, inapita kwenye kondo na kumfikia mtoto. Ini la mtoto bado ni changa, haliwezi kuisafisha. Fikirini pepinieri ya kahawa. Dawa ya kuua majani ikimwagika karibu na mti mzima, mti unaweza kuvumilia. Ikigusa mche wa majani mawili, mche unaungua, ao unabaki umepinda siku zote.

Kwa mtoto, kinachoguswa zaidi ni ubongo. Hatari inaanza katika wiki za kwanza, hata kabla mama hajajua kama ana mimba. Hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama. Bia ya chupa, divai, kasiksi, lutuku: ndani yake iko alkoli ileile, tofauti ni ukali tu.

Waganga waliandika jambo hili mapema. Mwaka 1968, huko Nantes, Ufaransa, muganga Paul Lemoine alieleza hali ya watoto 127 wa wazazi wenye kunywa sana. Mwaka 1973, waganga wa Seattle, Marekani, waliupa ugonjwa jina.

2. Watoto wangapi?

Mwaka 1997, katika eneo la mizabibu la Western Cape, Afrika Kusini, watafiti waliingia katika masomo ya primeri. Walipima urefu, uzito na mzunguko wa kichwa wa watoto wa mwaka wa kwanza. Waliangalia uso, wakajaribu akili yao, kiisha wakazungumza na wamama. Katika kila watoto 1000, zaidi ya 40 walikuwa na ugonjwa katika hali yake kali.

Baadaye walihesabu pia wale wenye madhara madogo. Ripoti ya mwaka 2013 ilionyesha watoto 135 hadi 208 kwa kila 1000. Tuseme darasa la watoto 50: saba hadi kumi wameguswa. Kwa hesabu ya dunia nzima iliyotolewa mwaka 2017, ni karibu watoto 8 kwa kila 1000, maana yake mtoto mmoja katika madarasa mawili ao matatu ya namna hiyo.

Wengi wa watoto hawa hawana alama usoni. Shida yao inaonekana katika kusoma, kuhesabu, kutulia na kukumbuka. Ndiyo maana wanapigwa bure.

3. Kwa nini kule?

Kwa miaka mingi sana, wenye mashamba ya mizabibu walilipa sehemu ya mshahara kwa divai. Mfanyakazi alipewa kikombe asubuhi, mchana na jioni. Mpango huo uliitwa dop. Sheria iliukataza miaka ya 1960, lakini katika mashamba kadhaa uliendelea miaka mingi baadaye. Na hata pale ulipokwisha, mazoea yalibaki: watu kunywa sana mwisho wa wiki, wanaume na wanawake pamoja, katika umaskini na chakula kidogo. Mama mwenye kula vibaya, mtoto wake anaumia zaidi.

4. Na sisi?

Hatuna mizabibu. Lakini tuangalie kazi zetu za pamoja. Mara ngapi kulima shamba la mtu kunalipwa kwa bidoni ya kasiksi? Na katika watu wanaolima, wamama ni wengi, na kati yao kuko wenye mimba.

Tuseme pia ukweli mwingine: wamama wengi wanapika lutuku kusudi wapate pesa ya sabuni, dawa na madaftari. Kuwatukana si dawa. Na mama akisema, «Mimi nilikunywa na mtoto wangu ni mzima,» anaweza kuwa anasema kweli. Hesabu ya 2017 inaonyesha kwamba katika kila wamama 13 wanaokunywa wakiwa na mimba, mmoja anazaa mtoto mwenye madhara haya. Lakini nani anajua mapema kama yeye ndiye wa kumi na tatu?

5. Koperative inaweza kufanya nini?

– Kulipa kazi kwa franka, kwa mbegu ao kwa chakula. Pombe isiwe mshahara.
– Siku ya kazi ya pamoja, kuleta uji wa mtama ao maji ya ndizi mapya, kabla hayajatiwa unga wa kuchachisha. Yanywewe siku ileile, kwa sababu yakilala yanaanza kuchacha yenyewe.
– Kumsaidia mama mwenye kupika lutuku apate biashara nyingine, kwa mfano mkopo mdogo wa kuanzisha mboga ao kuku.
– Wababa, msiseme hii ni mambo ya wamama. Mume akiacha kunywa wakati wa mimba, mke anaacha kwa urahisi zaidi.
– Mama aliyekwisha kunywa aache leo. Kila siku bila pombe inamsaidia mtoto. Mwenye kunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake. Aende kwanza kituo cha afya.
– Mtoto mwenye shida apewe kazi moja kwa wakati mmoja, kwa maneno mafupi, na arudiliwe bila fimbo. Ubongo ulioumia haurudi kama mwanzo, lakini mtoto anaweza kujifunza mengi. Tusimbandike jina la ugonjwa sisi wenyewe. Kupima ni kazi ya muganga.

Kuzuia kunawezekana. Huko De Aar, mji mwingine wa Afrika Kusini, baada ya kufundisha watu na kusindikiza wamama wenye mimba, idadi ya watoto wenye ugonjwa ilipungua karibu theluthi moja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika koperative yetu, ni kazi gani bado inalipwa kwa pombe? Nani aliamua hivyo?
2. Mama mwenye mimba akikataa kikombe mbele ya watu, tunamwambia nini?
3. Msimu ujao, tutaweka nini mahali pa bidoni ile, na nani atalipa?

Andikeni jibu la swali la tatu katika daftari ya koperative, pamoja na jina la mtu mwenye kulifuata.