Kuhamisha Picha za Wagonjwa na Lebo Zake Kwenda Kompyuta Mpya

Picha ya kidonda isiyo na namba ya jalada, tarehe wala upande wa mwili haimsaidii tabibu. Huonyesha kidonda tu. Haisemi ni cha nani wala kama mguu ni wa kushoto au wa kulia. Maelezo hayo mafupi yanayoambatanishwa na picha ndani ya kompyuta huitwa lebo, nayo ndiyo hupotea kwa urahisi zaidi siku kompyuta inapobadilishwa. Tangu kampuni ya Microsoft ilipositisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi nyingi zinazotumia mfumo huo zimelazimika kufikiria uhamisho huo.

Kwa mahali kama Ibaba, wilayani Ileje mkoani Songwe, hasara hiyo si ndogo. Daktari bingwa yuko mbali, na picha yaweza kutangulia kabla mgonjwa hajasafirishwa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari kisipopungua eneo lake kwa takriban nusu ndani ya majuma 4 ya tiba, uwezekano wa kupona kufikia juma la 12 huwa mdogo, na tiba hupaswa kuangaliwa upya. Ulinganisho huo wahitaji picha mbili za mguu uleule zenye tarehe za kuaminika.

Swali la kwanza, kabla ya kunakili hata faili moja, ni hili: lebo zinakaa wapi? Baadhi huandikwa ndani ya faili la picha lenyewe. Tarehe ya kupigwa huwekwa humo na kamera au simu, kwa utaratibu uitwao Exif uliobuniwa Japani mwaka 1995. Lebo nyingine hukaa nje ya picha, katika hifadhidata ya programu iliyotumika kuzipanga. Aliyenakili folda ya picha peke yake ameziacha hizo nyuma, na hatajua hadi atakapomtafuta mgonjwa kwa namba asimwone. Picasa, programu ambayo Google iliacha kuihudumia mwaka 2016, ilikuwa na tabia zote mbili: maneno ya utafutaji iliyaandika ndani ya picha za JPEG, lakini mpangilio wa albamu iliuweka kwingine. Katika digiKam, programu isiyolipiwa, mtumiaji huchagua mwenyewe kwenye mipangilio kama lebo ziandikwe pia ndani ya picha. Uchaguzi huo ufanyike, na lebo ziandikwe, wakati kompyuta ya zamani ingali hai.

Ndipo majaribio yafuate. Picha 20 zenye lebo mbalimbali zihamishwe kwanza, kisha zifunguliwe kwa programu tofauti na ile ya awali. Lebo zikionekana humo, zimo ndani ya picha kweli. Wakati wa kunakili zote, majina ya faili na mpangilio wa folda visibadilishwe, kwani hifadhidata huitambua picha kwa njia hiyo. Anayetaka kusafisha majina asubiri. Tarehe ya faili kuundwa inayoonyeshwa na Windows isimtishe mtu: kwa nakala mpya huwa ni siku ya kunakili. Ya kutegemewa ni tarehe ya kupigwa.

Wengi huhakiki kwa kuhesabu faili pande zote mbili. Ni vema, lakini haitoshi, maana picha zaweza kufika zote zikiwa uchi. Kipimo kizuri zaidi ni kuhesabu kwa lebo: kama kompyuta ya zamani ina picha 63 chini ya lebo ya mguu wa kushoto, mpya nayo itoe 63. Njia ya kutumiana picha kwa WhatsApp, inayopendwa kwa wepesi wake, haifai kabisa kwa kazi hii. Picha ikitumwa kama picha hupunguzwa ubora na maelezo yake ya ndani huondolewa.

Lipo hata hivyo fungu moja la maelezo lisilostahili kuhamishwa. Simu janja nyingi huandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa, kwa latitudo na longitudo. Mtu mwenye ualbino anayefuatiliwa kwa vidonda vya ngozi, aliyepigwa picha nyumbani kwake, hubeba katika picha hiyo njia ya kufika mlangoni pake. Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo, hilo si jambo dogo. Alama za mahali zifutwe, na kamera ya simu ya kazi izimwe uwezo huo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Mgonjwa anayo haki ya kuuliza picha yake ilipigwa kwa sababu gani, nani huiona na sasa iko wapi. Swali hilo la mwisho huigusa pia kompyuta ya zamani. Kufuta faili na kumwaga kapu la taka hakuondoi picha kwenye diski. Programu za kurejesha faili zaweza kuzifufua. Kompyuta hiyo ifungiwe kabatini hadi hesabu za lebo zilingane na nakala akiba mbili ziwepo, moja nje ya jengo, zote zikilindwa kwa nenosiri. Baada ya hapo diski isafishwe na fundi kwa programu maalumu, au itolewe na kuvunjwa, kabla kompyuta haijauzwa wala kupewa shule.